Dawa ya Kitu Kilichoganda

Jirani yangu wa hapa Katubuka, Mama Neema, akitaka kupika migebuka, samaki wetu wa ziwani, huanza kwa kuyachoma mawese. Huyaweka jikoni peke yake mpaka wekundu upotee, na moshi wake mzito unaruka ukuta unakuja kukaa kwenye mapazia yangu. Siku zote huwa namsema kimoyomoyo. Jumamosi ile sikumsema. Nilikuwa nimekaa sebuleni mbele ya kompyuta, mama mzima, daftari za wanafunzi hazijasahihishwa, nasubiri gemu lipakuliwe. Harufu ikaingia, na kabla sijajua nafanya nini nikajikuta nainusa mikono yangu. Ilikuwa inanuka sabuni tu.

Ngojeni niwaeleze, maana najua mnacheka. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ana shughuli gani na magemu?

Nina shemeji yangu, Idi, mdogo wake mume wangu. Ana chumba cha gemu kule Gungu, kompyuta sita na feni moja, na watoto wa watu wanajazana humo kila wakitoka shule. Idi alishanisikia mara nyingi nikisimulia gemu la mzee wa kofia tulilocheza utotoni, mimi na dada yangu, na siku moja akanitumia picha kwenye simu. "Shem, si ndiyo huyu mzee wenu?" Nilipoifungua nikakaa chini. Ndiye. Kofia ile ile pana, fimbo ile ile, boksi mgongoni limefungwa kamba. Idi akaniambia gemu hilo la mashine za zamani sasa limetengenezwa upya, linacheza kwenye kompyuta, ila watu wanabishana mtandaoni kama linafaa kununuliwa. Wengine wanasema picha ni kali. Wengine wanasema linaboa, kuna sehemu limelala tu, mtu unachoka. "Sasa wewe ndiye unayelijua," akasema. "Nunua wewe kwanza. Ukiona linafaa, na mimi ninunue."

Hiyo ndiyo akili ya Idi: majaribio yafanyike kwa mfuko wangu. Lakini nilinunua, na sikununua kwa ajili yake.

Tulikuwa tunakaa Ujiji, nyumba ya Bibi, karibu na msikiti mdogo, mahali ambapo ukisimama barazani unaliona ziwa kipande tu kati ya mabati ya watu. Baba alikuwa mtu wa dagaa, mama alikuwa anawauza. Dada yangu Zuhura alikuwa amenizidi miaka minne. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ingawa nyumbani jina hilo hatukulitumia. Tulisema "miguu ya Zuhura". Leo miguu ya Zuhura imeamka vibaya. Leo miguu ya Zuhura haitaki baridi. Shule alikwenda kwa vipandevipande, na siku alizokuwa ndani alikuwa mkali kuliko mwalimu mkuu. Alinifundisha kusoma huku kalala, akinipiga na mfuniko wa sufuria kila nilipokosea silabi.

Mashine ya gemu aliileta Mjomba Hamisi, ndugu yake mama, aliyekuwa akiuza mitumba ya vifaa vya umeme. Alitoka nayo Dar kwa treni, imefungwa kwenye shuka, ikiwa na pedi moja nzima, pedi moja iliyokatika waya, na sidii moja tu. Vijana wote wa mtaani walikuwa wanacheza mpira kwenye magemu ya vibandani. Letu halikuwa na mpira wala ngumi. Lilikuwa na huyo mzee wa kofia anayetembea. Basi. Anatembea na boksi lake, anapanda milima, anauliza watu njia, wanamjibu Kiingereza, anaendelea.

Kiingereza hatukukijua hata chembe. Nyumba nzima hakuna aliyekijua. Kwa hiyo kila mtu mle ndani tulimpa jina na maneno yetu. Mwenyewe tukamwita Mzee Kofia. Mwanamke aliyekuwa akimuuzia mkate tukamwita Mama Maandazi, na Zuhura alimsemea kwa sauti ya puani: "Karibu baba, ya jana yameisha, ya leo hayajaiva!" Bibi naye akipita na ungo wake alisimama kuangalia, akauliza kila siku swali lile lile: "Hajafika tu huyo?" Tukimwambia hajafika, anaguna. "Hana ndugu wa kumpokea mzigo?"

Swali la Zuhura lilikuwa jingine. Alitaka kujua ndani ya boksi kuna nini. Mimi nilisema nguo. Mama alisema ni dawa. Zuhura siku moja, nikiwa namkanda vidole, alisema bila kucheka: "Miguu. Miguu miwili mipya, saizi yangu." Nilikuwa na miaka minane, niliona ni jambo linalowezekana kabisa.

Shida ilikuwa daraja.

Baada ya safari ndefu, wiki kadhaa za sisi kucheza kwa zamu na umeme wetu wa mgao, Mzee Kofia alifika kwenye mto mpana wenye daraja lililokatika katikati. Hapo muziki unakoma. Yeye anasimama. Chini ya kioo yanapita maneno machache ya Kiingereza, madogo, kisha yanafutika. Halafu hakuna kitu. Unabonyeza pedi, hasogei. Unabonyeza vyote, hasogei. Zuhura akatamka neno ambalo tulikuwa tumelisikia kwa vijana wa vibandani: "Imeganda."

Mjomba Hamisi alipotukabidhi ile mashine alituachia amri moja, na aliirudia akiwa mlangoni, na akairudia tena akiwa barabarani: "Ikiganda, zima hapohapo! Ukiichelewesha inaungua, na mimi sina nyingine." Tukazima hapohapo. Tukawasha, tukarudi mpaka darajani, ikaganda. Tukazima. Tulifanya hivyo sijui mara ngapi. Tuliifuta sidii kwa khanga, tukaifuta kwa dawa ya meno, tukaipuliza mpaka kichwa kinazunguka. Mzee Kofia akifika pale anaganda tu. Maneno yale ya chini hatukuyatilia maanani hata siku moja. Kwetu maandishi ya Kiingereza hayakuwa ya kusomwa, yalikuwa kama maua kwenye sahani, na Zuhura alishaamua kwamba ni jina la kiwanda.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo nilipokosea.

Kipupwe kikiingia Kigoma, asubuhi ziwa linatoa ubaridi, na mawese kwenye chupa yanaganda. Yanakuwa uji mzito wa rangi ya chungwa, hayamiminiki. Bibi alikuwa anaitega chupa pembeni ya jiko la mkaa mpaka yalegee. Na asubuhi hizohizo ndizo ambazo miguu ya Zuhura nayo inaganda, ndivyo alivyosema mwenyewe, "Bibi, magoti yameganda." Basi Bibi anachukua yale mawese ya moto anamkanda. Anaanzia pajani anashuka mpaka kwenye kisigino, na mkono haurudi juu hata kidogo, maana ukiurudisha unaurudisha na ugonjwa. Kisha anamsogeza karibu na jiko apate mvuke. Zuhura anapiga kelele, Bibi anasema, "Subira, mjukuu wangu. Subira yavuta heri." Na Zuhura, mdomo wake haukuwa mgonjwa hata siku moja, anajibu: "Heri yenyewe inavutwa na kamba gani, Bibi? Mbona haifiki?" Lakini saa moja baadaye nilimwona amesimama. Kwa macho yangu. Magoti yaliyoganda yamelegea.

Mnaona sasa? Mafuta yaliyoganda dawa yake moto. Magoti yaliyoganda dawa yake mawese ya moto. Na sidii je, iliyoganda?

Kipupwe cha mwaka ule Zuhura alizidiwa, wakampeleka hospitali. Alikaa siku nne. Kabla hajabebwa aliniita, akanishika sikio, sio kwa upole. "We Mwamvua. Mashine usiiguse. Nikirudi nataka nijaribu tena, safari hii nitavuka." Nikasema sawa dada. Na nilimaanisha sawa, mpaka Jumamosi.

Jumamosi mama alikuwa hospitali, Bibi alikwenda msibani, mimi nimebaki na jiko lenye makaa. Nilitaka dada yangu akute njia imefunguka. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, walahi, hapakuwa na lingine. Niliyayeyusha mawese kwenye kile kisufuria cha Bibi. Nikaikanda sidii pande zote mbili, nikishuka chini tu, mkono haurudi juu, na nikasema na maneno yake, "Subira, mjukuu wangu," nikicheka peke yangu. Kisha nikaiweka pembeni ya jiko ipate mvuke. Nilipoigeukia ilikuwa imejikunja ukingo mmoja kama chapati iliyosahaulika.

Niliinyoosha kwa mikono. Nikaikandamiza chini ya msahafu, Mungu anisamehe, ndicho kitabu kizito tulichokuwa nacho. Nikaitia kwenye mashine nione kama imepona. Ikalia kr, kr, kr, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, na kioo kikabaki cheusi. Nikazima hapohapo kama tulivyoagizwa.

Jumapili walimrudisha. Alikuwa amekonda shingo, lakini aliingia anaita mashine yake kabla hajakalishwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Akawasha. Cheusi. Akazima, akawasha. Akafungua kifuniko, akaitoa sidii, akaisogeza puani. Nyumba nzima ilikuwa inaangalia.

"Mwamvua," akaniita taratibu, "umeikaangia samaki?"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mama naye akacheka, na Bibi alipoelezwa akasema mtoto huyu atakuwa mganga, na mimi nikatoka nyuma ya mlango nikidhani nimesalimika. Kisha Zuhura akageukia ukutani. Sikumsikia akilia, niliona tu mgongo wake unavyotikisika, na hakugeuka mpaka chakula cha jioni kilipopoa.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alianza kunisimulia ng'ambo kulivyo. Kila nikitoka shule nilikaa miguuni pake, naye ananisogeza mbele kidogo: Mzee Kofia ameliruka daraja, Mzee Kofia ameingia mji ambao nyumba zake zote zina umeme usiokatika, Mama Maandazi ameshafika kabla yake na hasemi alipita wapi. Boksi hakulifungua. Kila siku nilimuuliza, kila siku akasema kesho. Mimi nikadhani ananikomoa kwa kosa langu. Nilidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba alikuwa hajui aweke nini ndani. Ile miguu alikuwa ameshaacha kuiamini.

Alifariki mwaka uliofuata, masika yalipoanza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Sidii niliihifadhi kwenye kopo la maziwa mpaka panya au mtu akalichukua, sijui.

Kiingereza nilikuja kukisoma kwa hasira, sina neno jingine. Mtoto wa Ujiji asiye na kamusi, nikakishika mpaka kikawa ndicho kinachonilisha. Wanafunzi wangu wananiogopa kwa sababu siwaachii neno lipite bila kusomwa. Likiwa ubaoni, likiwa kwenye mfuko wa saruji, likiwa nyuma ya fulana ya mtu, nauliza: "Limeandikwa nini pale? Soma!" Wananiita Madamu Soma, wanadhani sijui.

Basi nikalicheza. Mume wangu alisema mke wangu amechanganyikiwa, akaenda zake kuangalia mpira. Na kama mnataka tathmini ya mnunuzi, hii hapa: picha ni kali kweli, kali mno. Ukungu uliokuwa kule milimani wameuondoa, na mimi niliupenda ule ukungu. Vitufe vya kompyuta vinachosha vidole kuliko pedi. Mama Maandazi anaitwa jina refu la kizungu na anachouza sio maandazi, ni viazi, na anachosema kila siku ni kwamba mume wake hajarudi. Tulikuwa tunamfanyia mzaha mwanamke mwenye majonzi. Watu wote wale tuliowapa utani, nilipowasoma, walikuwa wanalia shida zao.

Jumamosi ya tatu, mchana, nikafika darajani. Kule ng'ambo ya ukuta Mama Neema alikuwa ameshaweka mawese jikoni.

Muziki ukakoma. Mzee Kofia akasimama. Na chini ya kioo yakapita yale maneno, yaleyale, madogo, na macho yangu yakayasoma kabla sijajiandaa, kama yanavyosoma kila kitu. Yalikuwa maneno mepesi. Mtoto wa darasa la tano akiniletea tafsiri yake nampa alama zote. Yalisema: Tua mzigo. Keti. Mwenye mtumbwi anakuja.

Kisha yakafutika, na kila kitu kikasimama kama zamani.

Nilitoa mikono juu ya vitufe. Mzee Kofia hakusogea. Sauti ya Mjomba Hamisi ilikuwa inaniambia zima, zima hapohapo. Sikuzima. Mama Neema aliunga vitunguu, nikavisikia. Akatia nyanya. Akatumbukiza samaki. Hakuna kitu. Na kisha, taratibu kabisa, Mzee Kofia akalitua boksi chini, akakaa juu yake, akavua ile kofia. Hatukuwahi kumwona bila kofia. Alikuwa na upara.

Nilianza kulia hapo. Nawaambia ukweli, nililia kwa sauti. Ningekuwa na la kumshtaki mtu ningemshtaki, lakini nani? Mjomba alitupa amri ya mtu anayejali mali yake. Bibi, kila asubuhi ya baridi, alituimbia dawa yenyewe, subira, subira, na sisi tukachukua mawese tukaacha neno. Dada yangu, aliyekuwa bingwa wa kulala akisubiri, ambaye hakuwa na kazi nyingine duniani ila kusubiri, alizuiwa na kitu ambacho kilikuwa kinamwomba asubiri kidogo tu. Muda wa kuiva samaki.

Mama Neema alikuwa ameshawaita watoto wake kula ndipo mtumbwi ulipotokea. Mwenye mtumbwi akaegesha, akaangalia. Akauliza swali moja, na chini yake majibu mawili ya kuchagua. Uko peke yako? Ndiyo. Hapana.

Nilijaribu Hapana. Mwenye mtumbwi akatikisa kichwa, akauliza tena.

Nikabonyeza Ndiyo, akanivusha. Ng'ambo kulikuwa na kijiji kidogo na mtu mmoja mzee, boksi likafunguliwa, ndani mna mbegu. Mbegu za kupanda, basi, na majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupita.

Kesho yake Idi akapiga simu. Shikamoo shem, marahaba Idi, habari za kwangu, za kwako, kisha akaingia kwenye shida yake: "Vipi lile gemu? Ninunue?"

"Usinunue." Sikutaka watoto wa Gungu wamzime Mzee Kofia pale darajani kama sisi.

"Kwani bovu? Nilisikia kuna sehemu linaganda."

"Haligandi," nikamwambia. "Ni zima, Idi. Lilikuwa zima tangu siku ya kwanza."